Nyuzi Nane za Mzee Ondiek

Watu wa kazi yetu hawastaafu. Huacha tu kuitwa. Mimi nimeamua kutangulia kabla simu haijanyamaza, kwa sababu sikio langu la kushoto lilistaafu mwaka jana bila kunishauri. Linapiga filimbi moja nyembamba mchana kutwa, na filimbi hiyo haiingii kwenye wimbo wowote ninaoujua. Nimejaribu. Hakukuwa na keki wala hotuba. Nilikunja nyaya zangu, nikazibeba kwa gunia hadi studio ya pale Ayany, Kibera, nikawaachia nyinyi mnaoanza. Mkaniambia, Shem, andika basi vile ilikuwa.

Sitaandika nani alinilipa wala nani aliniweka kwenye bango. Nitaandika nilivyofanya kazi, na zaidi nitaandika kuhusu nyuzi nane nilizozifuta kwa mkono wangu nikidhani nazinyoosha, na nilivyohangaika kuzirudisha kabla mwenyewe hajaondoka Nairobi.

Nilizaliwa Kawangware 46, kwenye plot ya vyumba kumi na viwili vya mabati. Wazazi walitoka Vihiga. Baba alipaka rangi nyumba za watu, mama aliuza mboga. Shule niliiacha darasa la saba. Ningependa kusema ni karo, na karo ilichangia, lakini ukweli ni kwamba njiani kulikuwa na kibanda cha fundi wa redio, na kila asubuhi nilisimama pale dakika moja. Siku moja dakika hiyo iliisha saa kumi jioni. Nilitaka kujua yule mtu anayeongea ndani ya redio anaingilia wapi. Fundi hakunicheka. Alinipa bisibisi akasema, "Fungua umtafute." Nilifungua. Sikumpata, lakini sijaacha kumtafuta.

Kwa fundi nilijifunza kuchomelea waya na kupuliza kidole kilichoungua huku nikimtazama mteja usoni kama kwamba hakuna kilichotokea. Chombo changu cha kwanza cha muziki kilikuwa spika iliyopasuka. Niligundua kwamba ukigusa waya wake kwa kidole chenye mate, inanguruma, na ukibonyeza zaidi ngurumo inapanda. Nilipiga pambio zima la kanisani kwa kidole kimoja. Fundi alisikiliza, akasema, "Mungu ameelewa, lakini toa mkono kwa stima."

Baadaye nikapata kinanda kilichotumika kanisani, funguo tisa zikiwa hazilii. Nyimbo zangu za mwanzo zina mapengo. Miaka mingi baadaye watu waliyasifu wakisema ni mtindo, nami sikuwakatiza.

Mnaniuliza kila mara zile ngoma zangu za mwanzo nilizitoa wapi. Ni posho mill ya Kawangware 46. Mashine ya kusaga unga ikiwashwa huanza kwa mluzi wa chini, ikapanda polepole, halafu mahindi yakiingia sauti inashuka kama mtu aliyekalia kiti kifupi kuliko alivyotarajia. Niliirekodi kwa kaseti, nikakata ule ukanda kwa wembe na kuuunganisha kwa gundi ya karatasi hadi mlio mmoja ukawa unajirudia. Nilikuwa naucheza chumbani tangu asubuhi. Mama Njoki, mwenye plot, akaja akasimama mlangoni na mikono kiunoni.

"Shem, hiyo kitu inalia ni mgonjwa ama ni wewe?"

"Ni muziki, Mama Njoki."

"Stima yangu ni ya taa na redio."

"Hii ni redio."

"Redio gani haina mtangazaji?" Alisikiliza kidogo, akainamisha kichwa. "Hiyo si ni posho mill ya hapo chini? Sasa mimi nikitaka kuisikia si nitachukua mahindi niende?"

Alizima swichi kuu. Nikahamia kwa betri ya gari. Lakini nilijua nimefika mahali, kwa sababu alikuwa ameitambua ile mill.

Kukaa mahali pamoja kulinishinda. Nikisikia kuna mtu Kakamega anayetengeneza ngoma kwa namna yake, nilienda nikakaa naye mpaka nimejua ngozi inalowekwa siku ngapi. Nikisikia kuna mzee wa orutu, ile fidla ya uzi mmoja, karibu na Kisumu, nilienda kumbebea viti kwenye matanga hadi akanionyesha pa kuweka kidole. Nilibeba mawe ya ujenzi, niliosha magari, nilichora vibao vya vinyozi. Nilirudi Kawangware kila mara na chombo kimoja zaidi na viatu vimechakaa zaidi. Mama aliniuliza kama ninakusanya vyombo vya muziki ama ninakimbia mtu.

Mzee Ondiek nilimpata nikipeleka redio Kibera. Alikuwa fundi wa vitanda, na kibanda chake kiliegemea ukuta wa mtaa wa Ayany. Siku hiyo alikuwa ameketi juu ya kitanda ambacho hakijauzwa, akipiga nyatiti, kile kinubi cha Wajaluo chenye nyuzi nane. Mguuni, kwenye dole gumba la kulia, alikuwa amevaa pete nene ya chuma, na kwa pete hiyo aligonga ubao wa chombo. Kwa hiyo mtu mmoja alikuwa mpiga nyuzi, mpiga ngoma na mwimbaji. Nilisimama na redio ya mtu mkononi. Mtu huyo alikuja kuitafuta kesho yake.

"Unataka kitanda?" Mzee akaniuliza.

"Nataka kujua hiyo."

"Kwenu ni wapi?"

"Kawangware."

"Huko ni kwa landlord. Nauliza kwenu."

"Vihiga."

Akawageukia mafundi wenzake. "Kuku zimeisha Vihiga. Sasa wamekuja kutafuta nyatiti."

Sisi Waluhya hutaniwa kwa kupenda kuku. Walicheka mpaka msumeno ukasimama. Lakini alinisogezea kigoda.

Nilienda kwake kila wiki, miaka mingi. Nilimwita Jaduong', ndivyo Wajaluo wanavyomwita mzee wa heshima. Alinifundisha kwamba nyuzi, siku hizi ni nailoni ya kuvulia samaki, hufungwa juu kwenye mti kwa vitambaa vilivyosokotwa, na kwamba unapandisha au kushusha sauti kwa kuzungusha kitambaa kile kidogokidogo huku umeshikilia pumzi. Alinifundisha kuweka nta chini ya mwanzi unaobeba nyuzi ili mlio ukwaruze. "Sauti safi sana haina jamaa," alisema.

Jambo moja alilifanya kila siku kabla ya kugusa uzi. Alinisalimu kwa Kijaluo. "Idhi nade?" Yaani, uko aje. Halafu akangoja. Nikijibu "poa" haraka ili tuanze, aliuliza tena. "Hiyo imejibiwa na mdomo. Mimi nauliza wewe." Nikijibu vizuri, kwamba mgongo unauma, kwamba mama ameugua, alizungusha vitambaa, ndipo tukaanza. Siku ambazo nilimkuta peke yake alikuwa akijisalimu mwenyewe. "Ondiek, idhi nade?" Kisha anajijibu kwa "aah" ndefu ya kifuani. Mafundi walikuwa wakimwambia, "Mzae, siku utakayojijibu vibaya utuite." Mimi nilidhani ni adabu za watu wa zamani. Nilimvumilia.

Sasa kosa lenyewe.

Nilipopata kompyuta ya kwanza nilimrekodi Jaduong' pale kibandani, wimbo mmoja, mwanzo hadi mwisho. Nyumbani nikaufungua kwenye skrini. Wengi wenu mnaujua huo mtego. Programu inakuchorea mistari, kila mstari ni sauti moja ya kinanda, na unaona milio ya mtu imekaa wapi. Ya Jaduong' haikuwa imekaa kwenye mstari hata mmoja. Uzi wa tatu ulikuwa chini kidogo, wa tano ulikuwa katikati kabisa, kama mtu aliyekaa kwenye ukuta wa plot mbili. Nilimhurumia. Nikasema mzee ana vitambaa vilivyolegea. Nikavuta kila mlio kwenye mstari wake, mmoja mmoja, siku tatu, nikaweka kinanda na posho mill chini yake, na vyote vikakubaliana. Kompyuta ilikuwa imejaa. Ikaniuliza kama nataka kuhifadhi juu ya ile rekodi ya zamani. Nikabonyeza ndiyo.

Nilibeba spika hadi Ayany nimsikilizishe. Alisikiliza hadi mwisho, mikono juu ya magoti.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Ni wewe, Jaduong'."

"Anapiga vizuri. Ni wa wapi?"

"Ni wewe. Nimekunyoosha kidogo tu."

Alichukua randa yake akaendelea na ubao. Baada ya muda akasema, bila hasira, "Mimi nanyoosha mbao. Mbao haijibu."

Wimbo huo ndio mnaonijua nao. Ulipigwa redioni, kwenye harusi na kwenye matanga, na watu walinialika mahali nisipopajua kwa sababu yake. Kila nilipoupiga jukwaani nilimsikia yule mtu asiye na kwao. Jaduong' hakunifukuza, ila hakukubali tena kurekodiwa. Nikitoa maiki alitoa pete mguuni.

Nikaanza kuzitafuta zile nyuzi. Ni udadisi tu mwanzoni. Nilinunua kifaa kidogo chenye mshale, kinachokuambia mlio uko juu au chini kiasi gani, nikawa nakificha mfukoni nikienda kibandani. Nikifika nyumbani naandika kwenye daftari ya shule mshale ulisimama wapi kwa kila uzi. Nilidhani wiki moja ingetosha. Lakini Jumanne hazikufanana na Ijumaa. Siku ya mvua zote zilikuwa chini. Siku aliyopata mjukuu zilipanda, na si kwa kiasi kimoja, uzi wa tano ulipanda zaidi. Nilijaza daftari tatu. Nikaamua kwamba masikio ya mzee yanachoka, na kwamba nyuzi za kweli zilikuwa zile za rekodi ya kwanza, nilizozifuta. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyoamini kwa miaka.

Mwaka jana, baada ya sikio langu kuanza filimbi yake, Atieno alinipigia simu. Atieno ni binti wa Jaduong', muuguzi, mtu asiye na maneno mengi.

"Baba alipata stroke," akasema. "Upande wa kulia umelala. Na haongei."

"Nakuja."

"Jumamosi tunampeleka ushago. Shem, ile nyatiti yake imelegea yote. Vitambaa viliachia tukimkimbiza hospitali. Anaiangalia tu. Nimejaribu kuikaza, anageuza uso. Kuja uitune aisikie kabla ya safari, huko kwetu hakuna mtu amebaki anaijua."

Ilikuwa Alhamisi. Ijumaa asubuhi nilitembea kutoka Kawangware hadi Kibera na daftari zote tatu kwenye mfuko, na kile kifaa chenye mshale. Nilijua kama nikikosea, mzee atasafiri na chombo kisicho chake, na hakuna mtu mwingine wa kukirekebisha. Mimi ndiye niliyekuwa nimefuta nakala.

Alikuwa ameketishwa kwenye kiti, mto ubavuni. Mkono wa kulia ulilala pajani kama wa mtu mwingine. Nguo zilikuwa tayari kwenye mifuko. Nilimwambia, "Niaje, Jaduong'," nikageukia nyatiti palepale, kwa sababu niliambiwa haongei.

Atieno akatoa pete ya chuma kwenye kikombe. Akapiga magoti, akamvalisha kwenye dole gumba la mguu wa kushoto, mguu ambao maisha yake yote haukuwahi kuivaa, akaweka ubao wa nyatiti chini yake. "Hii mguu inasikia," akasema. "Akitaka kusema ndiyo, atagonga."

Nikafungua daftari ya kwanza. Nilikaza nyuzi zote nane nikifuata mshale, nikapiga. Mguu haukutikisika. Daftari ya pili. Nilichukua siku zake nzuri, zile ambazo aliimba sana. Hakuna. Ya tatu, nikachukua siku ya mjukuu. Alifumba macho. Mwishowe, kwa kukosa akili, nikazikaza kama zilivyo kwenye ule wimbo wangu wa redio, kila uzi kwenye mstari wake. Jaduong' akafumbua jicho moja, akatoa pumzi puani. Nyusi zake nilizifahamu. Alikuwa ananicheka.

"Amekataa?" Atieno akauliza kutoka nje, alikokuwa akipika uji.

"Amekataa zote."

Akaingia na kikombe cha uji. Hakunitazama. Alikaa chini mbele ya baba yake, akamshika goti, akamsalimu kama vile hakuna mtu mwingine chumbani.

"Baba, idhi nade?"

Akangoja. Kwa muda mrefu hakukuwa na kitu ila watu wakipita nje. Halafu kutoka kifuani mwa mzee ikatoka "aah," ndefu, imekwaruza, iko chini kuliko nilivyowahi kuisikia.

Nilikuwa na mkono juu ya uzi wa kwanza. Sikufikiri. Nilizungusha kitambaa hadi uzi ukaingia ndani ya ile "aah" na kupotea humo.

Pete ikagonga ubao. Mara moja.

Nilikaa nimeshika kitambaa, nikiona miaka yangu yote kwenye kile kigoda. Alikuwa hanisalimu kwa adabu, au alikuwa na adabu, lakini alikuwa pia anafanya kazi. Aliuliza, akasikiliza sauti ya mtu imeamka wapi siku hiyo, akaanzia hapo. Siku aliyopiga peke yake alijiuliza mwenyewe. Masikio yake hayakuchoka hata siku moja. Daftari zangu tatu zilikuwa kumbukumbu sahihi kabisa za jinsi mimi na mzee tulivyokuwa tukiamka, siku baada ya siku, na mimi nilizisoma kama makosa.

"Muulize tena," nikamwambia Atieno.

"Baba, idhi nade?"

"Aah."

Uzi wa pili. Hapo nilifunga macho na kugeuza sikio langu zima kwake, lile lingine nikaliacha na filimbi yake. Uzi wa tatu ulitaka kuwa chini, na nikauacha chini. Pete ikagonga. Wa nne. Wa tano nilipata taabu, mkono ulikuwa unavuta kwenda kwenye mstari wa kinanda kwa mazoea. Pete ikakaa kimya. Nikalegeza nusu ya unywele. Ikagonga. Uji ulikuwa umepoa, Atieno alikuwa amesahau kumlisha. Wa sita, wa saba, wa nane.

Nilipiga zote kwa pamoja. Zilikuwa chini sana, nzito, uzi wa tano ukikaa pale ukutani kwake. Hazikuwa nyuzi za ile rekodi. Zile zilikuwa za asubuhi moja ya zamani, na zimeenda nayo. Hizi zilikuwa za Ijumaa. Mguu wa kushoto ukaanza kugonga, polepole, ukikosea, ukijirekebisha kama mtu anayejifunza njia mpya ya kwenda nyumbani. Atieno alitoa simu akarekodi, na mzee hakuitoa pete. Anayo hiyo rekodi, nami sijaiomba.

Nilidhani tumemaliza. Nikaanza kufunga daftari. Mguu ukasimama.

Jaduong' alikuwa ananitazama. Mdomo ukasogea upande mmoja, na kikatoka kitu kisicho maneno, sauti mbili tu, ya kwanza imeshuka, ya pili imepanda mwishoni. Niliitambua kabla Atieno hajanitafsiria. Nilikuwa nimeisikia kila wiki, miaka mingi.

"Anakuuliza wewe," Atieno akasema.

Nilitaka kusema poa. Mdomo ulikuwa umeshafunguka.

"Sikio limekufa, Jaduong'," nikasema. "La kushoto. Naacha kazi. Na ule wimbo, nilikukosea."

Alisikiliza hadi nikamaliza, na baada ya hapo akaendelea kusikiliza. Kisha akaelekeza macho juu, kwenye mti ule wenye vitambaa, akangoja.

Nikazilegeza nyuzi zote nane, nikaanza upya na ule wa kwanza, safari hii nikifuata sauti yangu.